Nani Aitwe Admin

Mfadhili wetu alipokuja kututembelea kwa mara ya kwanza alimletea mwenyekiti zawadi. Ilikuwa saa ya ukutani, imefungwa kwenye karatasi ya maua. Mfadhili mwenyewe alikuwa mama wa makamo, Mzungu, aliyejifunza Kiswahili darasani na kukizungumza taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Aliposhuka garini mbele ya ofisi yetu ya Kibaha alisalimia kila mtu, mlinzi akiwemo, kisha akauliza:

"Na mwenyekiti yuko wapi? Nimesoma salamu zake kwenye tovuti yenu. Anakaribisha vizuri sana."

Tulitazamana. Mwenyekiti alikuwa amefariki zamani kidogo na sisi wote tulikwenda kumzika. Tovuti ndiyo ilikuwa haijapata taarifa. Huko bado alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, anatabasamu, anawakaribisha wageni wote wa ndani na nje ya nchi.

Mkurugenzi alivua miwani. "Mwenyekiti ametangulia," alisema kwa sauti ya msibani.

"Ah, vizuri," mgeni alisema, akaikumbatia zawadi yake. "Basi tutamkuta Marui."

Siku hiyo tulikuwa tunampeleka Marui kuona mashamba, kwa hiyo Kiswahili chake hakikuwa na kosa lolote. Tulipanda gari, tukaondoka, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumweleza mpaka tulipofika Mlandizi. Hapo Afisa Utawala wetu alimwinamia sikioni akamwambia lile neno la wazi ambalo hatulitumii kwa watu tunaowaheshimu. Mgeni akaishusha zawadi yake, akaiweka chini miguuni pake. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, natazama mikorosho inavyopita dirishani, na nilijua kwamba tukirudi kosa hili litatafutiwa mtu, na mtu huyo nitakuwa mimi.

Mimi ndiye niliyekuwa afisa mawasiliano. Shirika letu ni dogo. Linawasaidia wakulima wa mihogo wa Kisarawe kupata mbegu nzuri na soko. Wakulima wako Kisarawe, huko Marui, ofisi iko Kibaha, kwa kuwa Kibaha ndiko anakoishi mkurugenzi. Kwenye mpango mkakati imeandikwa "kwa sababu za kijiografia."

Tovuti ile ilijengwa na mpwa wa mkurugenzi wakati akiwa mwanafunzi. Aliiandika yote kwa mkono, kwa lugha za kompyuta alizozijua yeye, na ukitaka kubadilisha hata nukta lazima umtafute. Kisha akapata nafasi ya kusoma nje. Nilimwandikia mara nyingi kuhusu marehemu, naye alinijibu kwa upole kwamba yuko kwenye mitihani. Sijawahi kusikia chuo chenye mitihani mingi namna ile.

Kesho yake asubuhi mkurugenzi aliitisha kikao. Alisema kwamba aibu iliyotupata haina budi kuwa ya mwisho, na kwamba tunahitaji tovuti mpya yenye mfumo. Neno hilo la mfumo nilikuwa nimemwambia mimi, mwaka mzima nyuma. Maana yake ni programu inayokaa nyuma ya tovuti, ili mtu yeyote aliyepewa ruhusa aweze kuandika habari, kubandika picha, au kumpumzisha marehemu, bila kujua lugha ya kompyuta, kama anavyoandika ujumbe kwenye simu yake. Ipo ya aina nyingi duniani. Kazi ni kuchagua.

Niliandika ukurasa mmoja wa mahitaji yetu. Uwe mwepesi, nilisema, kwa kuwa mtandao wa Marui ni wa kubahatisha. Ufanye kazi kwenye simu. Na watu wa Marui waweze kuweka habari zao wenyewe, bila kusubiri mtu wa Kibaha. Nilimpelekea mkurugenzi. Faili lilirudi mezani kwangu na maneno yake ya siku zote yakiwa pembeni kwa wino mwekundu: "Nimeona."

Mkurugenzi alikuwa mtumishi wa serikali maisha yake yote kabla ya kuja kwetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafika kazini mapema kuliko sisi wote na hakuwahi kumfokea mtu mbele za watu. Lakini aliamini kwamba kila kitu duniani kina ngazi, na kwamba kazi ya kwanza ya mtu mwenye busara ni kujua amesimama kwenye ngazi ipi. "Nimeona" kwake ilikuwa kazi kamili. Alikuwa akiiandika kwenye maombi ya likizo, kwenye ripoti za mavuno, hata kwenye kadi za harusi.

Akaletwa mshauri kutoka Dar es Salaam. Alikuwa bwana wa miaka arobaini hivi, mwenye suti ya kubana na kompyuta ndogo, na kila kitu kwake kilikuwa "solusheni." Tulifunga pazia, projekta ikawashwa, chai ikaagizwa. Kamati tulikuwa watatu: mkurugenzi, Afisa Utawala na mimi.

Afisa Utawala nimweleze kidogo. Alikuwa mama mwenye umri wa kukaribia kustaafu, mwenye funguo zote za ofisi kiunoni. Hakuna aliyemwita kwa jina. Sote tulimwita Admin. Muuza maziwa alimwita Mama Admin, fundi bomba alimwita Mama Admin, na nadhani hata mumewe nyumbani alikuwa ameanza kusahau lile jina la kwenye cheti cha ndoa.

Mshauri alikuwa na mifumo miwili. Wa kwanza ni wa bure, unatumiwa na watu wengi kuliko yote, mwepesi. Mkurugenzi alikunja uso aliposikia neno bure. Alisema kitu cha bure lazima ujiulize kimekataliwa na nani. Mshauri akamhakikishia kwamba hata mashirika makubwa yanautumia, na ili aeleweke vizuri akaweka ukutani mchoro unaoonyesha sisi wenyewe tutakavyoutumia. Kulikuwa na ngazi, na kila ngazi na mtu wake. Admin: Afisa Mawasiliano. Mhariri: Afisa Utawala. Mchangiaji: Mratibu wa Marui. Na chini kabisa, Msomaji: Mkurugenzi.

Feni ya juu ikawa ndiyo pekee inayotoa mchango.

"Mimi," mkurugenzi alisema hatimaye, "ni msomaji?"

"Ndiyo, mzee. Nilipokupigia simu ulisema wewe utapenda kusoma tu, mengine wafanye vijana."

"Nilisema kusoma. Sikusema msomaji."

Mshauri hakuona tofauti, lakini sisi tuliiona. Kabla hajajibu, Afisa Utawala aliweka kikombe chini.

"Naomba kuuliza kwa nia njema tu," alisema. "Hapa ofisini kuna Admin wangapi?"

"Mama, hiyo ni lugha ya mfumo," nilimwambia. "Maana yake ni yule anayeshughulika na mambo ya ufundi."

"Mwanangu, mimi Kiswahili nakijua na Kiingereza nimesoma. Admin ni utawala. Utawala ni mimi. Barua yangu ya ajira ipo."

Nilisema yuko sahihi, kwa sababu alikuwa sahihi. Mshauri, aliyeanza kutoka jasho, akakimbilia mfumo wa pili. Huu ulikuwa wa kulipia, wa kampuni kubwa ya nje, mzito, wenye kila kitu: kalenda, ramani, duka, na lugha ambazo Kisarawe hazijawahi kufika. Mkurugenzi alikuwa anasinzia mpaka ulipofika mchoro wa ngazi. Juu ya Admin palikuwa na kisanduku kingine, cha rangi ya dhahabu: Admin Mkuu.

Alikaa vizuri kwenye kiti. "Hebu rudisha hapo."

Ikarudishwa.

"Huu ndio mfumo," alisema. "Mnaona wenzetu wanavyojipanga? Huu umekaa kitaasisi."

Nilijaribu kusema kwamba mfumo ule unataka mtandao wenye nguvu, kwamba Marui hautafunguka, kwamba kurasa zake ni nzito kama jiwe la kusagia. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema hoja yangu ni ya msingi, na kwa hiyo twende Marui tukawashirikishe wadau. Kwa lugha ya mashirika, kushirikisha ni kwenda kumwambia mtu jambo ulilokwisha kuamua, ukampa na soda. Lakini safari ni safari. Nilimwomba mshauri atufungulie mifumo yote miwili kwa majaribio, tukaondoka.

Mratibu wetu wa Marui alikuwa mama wa Kizaramo, mjane, mwenye duka dogo kwenye baraza la nyumba yake na sauti inayofika kwa jirani bila simu. Wakulima walimchagua kwa sababu ndiye pekee asiyeogopa kumwambia mnunuzi wa mihogo kwamba mzani wake unasema uongo. Alimpenda sana mkurugenzi, na kwa kuwa mkurugenzi ni Mnyamwezi wa Tabora, alimpenda kama Wazaramo wanavyowapenda watani wao.

"Karibuni, karibuni," alisema akitandika mkeka. "Shikamooni wageni. Wewe mtani sikupi shikamoo, babu zako walipita hapa wamebeba mizigo ya watu, na naona wewe umeacha mzigo umebaki na tumbo."

Mkurugenzi, ambaye ofisini hakuna anayethubutu kumtania hata tai yake, alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa nikimwona hivyo Marui tu.

Tulimweleza shida yetu. Alitoa simu yake ya kupangusa, kioo kimepasuka pembeni, nikamfungulia kwanza ule mfumo wenye Admin Mkuu. Kiduara kikatokea, kikaanza kuzunguka. Tukanywa soda. Kikaendelea kuzunguka. Mama akainyanyua simu juu, akaiteremsha, akaenda nayo hadi kwenye mwembe, akarudi.

"Mtani, hiki kimeingiwa na nini?"

"Kinafikiri," mkurugenzi alisema.

"Basi kina akili nzito kama za kwenu."

Nikamfungulia ule wa bure. Ulifunguka. Nikamwonyesha pa kuandika kichwa cha habari, pa kuandika maneno, na kitufe cha kuchapisha. "Andika chochote kilichotokea leo," nilimwambia. Alivaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, midomo ikitembea, huku akitufukuza kila tulipochungulia. Alipobonyeza kitufe aliinua simu juu kama refa mwenye kadi, kisha akampa mkurugenzi asome. Mkurugenzi akasoma kwa sauti:

"Ugeni wa Kibaha. Leo wamekuja wageni kutoka ofisini Kibaha kwa gari. Hawajasema wamefuata nini. Tumewapikia wali na kisamvu. Lori la mihogo waliloahidi hawajaja nalo."

Miwani ya mkurugenzi iliteremka mpaka ncha ya pua. "Mama, hii ni habari gani sasa?"

"Si mmeniambia niandike kilichotokea?"

"Ndiyo, lakini habari ya tovuti inaandikwa kwa... kwa namna ya tovuti."

"Basi iandike wewe. Mimi namna yangu ndiyo hii." Kisha akanigeukia. "Na humu ndani mimi nimeandikwa nani?"

Nilijua hili litakuja. "Mchangiaji, mama."

Alishusha simu mapajani. "Mchangiaji? Mchango wa nini tena? Mwezi huu nimechangia misiba, nimechangia harusi ya mtoto wa dada, nimechangia bati za madrasa. Nyie nanyi mmekuja na mchango wenu kwenye simu?"

"Siyo hela, mama. Ni kuchangia habari."

"Wanaanzaga hivyo hivyo. Futa. Niandike mwenyekiti, au usiniandike kabisa."

Nilicheka, lakini moyoni nilichoka. Nilikuwa nimekuja Marui nikiamini kwamba nitapata mtu mmoja atakayesema hajali anaitwaje, nikamtumie kuwatia haya wakubwa zangu. Kumbe ngazi ile ilikuwa imeegemezwa kila ukuta. Na nikiwa mkweli, hata mimi niliposikia mara ya kwanza kwamba nitakuwa Admin, nilikaa vizuri kwenye kiti.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipokuwa tumeipita Mzenga, mkurugenzi aliyekuwa mbele na dereva akaniuliza bila kugeuka:

"Hivi haya majina ya humo ndani yanabadilishika?"

"Yanabadilishika, mzee. Kwenye ule wa bure, mshauri anaweza kuyaita vyovyote. Kazi za kila ngazi zinabaki zile zile, jina tu linabadilika."

"Aha," alisema. Baada ya kilomita nyingi akaongeza, "Basi hakuna ubaya na kitu cha bure."

Kikao cha kuchagua mfumo kwa hiyo kiligeuka kikao cha kuchagua majina, na kilikuwa kikao kirefu kuliko vyote nilivyowahi kukaa. Msomaji akawa Mlezi Mkuu wa Tovuti. Mhariri akawa Admin, na Afisa Utawala akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyerudishiwa shamba lake. Mchangiaji akawa Mwenyekiti wa Habari, Marui, na akapewa ruhusa ya kuchapisha mwenyewe, kwa kuwa haiwezekani mwenyekiti akawa anaomba ruhusa. Ikabaki ile ngazi ya juu, yenye mamlaka ya kufungua na kufunga kila kitu, ambayo sasa haikuwa na jina.

"Na hii ya mwisho tuiiteje?" mshauri aliuliza.

Lakini chai ilikuwa imeshaingia, na vitafunwa vya siku hiyo vilikuwa sambusa za moto. Afisa Utawala akajibu huku akigawa sahani: "Hiyo mwite fundi tu. Mpe huyu binti."

Ndivyo nilivyokabidhiwa madaraka yote ya tovuti yetu, katikati ya sambusa, na hakuna aliyenionea wivu mpaka leo.

Tovuti ilianza. Marehemu alipumzishwa, tulimwekea ukurasa wake wa kumbukumbu, na mkurugenzi aliandika mwenyewe maneno ya shukrani ambayo yalikuwa mazuri kweli. Admin wetu naye aliupenda mfumo kuliko nilivyotarajia. Ndani ya wiki za mwanzo ukurasa wa matangazo ulijaa: "Vikombe virudishwe jikoni." "Aliyechukua ufunguo wa stoo aurudishe kabla sijamtaja." Nilimweleza kwamba dunia nzima inasoma. Alijibu kwamba hiyo itasaidia kurudisha vikombe. Yule mfadhili akatuandikia kutoka kwao kwamba amevutiwa na uwazi wetu.

Mlezi Mkuu alikuwa anaingia kila asubuhi. Kwa majuma kadhaa alifurahia kuona cheo chake kikiwa juu ya ukurasa, kisha akaniita.

"Kila mtu humu ana kitufe," alisema. "Admin ana kitufe. Mwenyekiti wa Marui ana kitufe. Mimi nikimaliza kusoma nabonyeza nini?"

Nilimwomba mshauri, akamtengenezea kitufe. Kiliandikwa "Nimeona." Hakikuwa kinafanya lolote, isipokuwa chini ya habari yalitokea maneno madogo ya kijani: Mlezi Mkuu ameona. Mkurugenzi alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Alibonyeza kila habari, hadi zile za vikombe.

Kisha mama wa Marui akachapisha hivi: "Mihogo imeng'olewa tangu juzi kama tulivyoambiwa na ofisi. Lori halijaja. Iko barabarani, inaanza kuweka michirizi myeusi." Akaweka na picha. Muhogo ukishang'olewa hauna subira, hilo hata mtoto wa Kibaha anajua. Mkurugenzi alifika asubuhi, akafungua, akasoma kichwa cha habari peke yake nadhani, akabonyeza, akaagiza chai.

Kabla chai haijapoa simu yake ikalia. Nilikuwa ofisini kwake, na sauti ile haikuhitaji spika.

"Mtani! Umeona, umeandikwa hapa umeona, kijiji kizima tumesoma umeona. Sasa umeona nini?"

Akajibu kwamba suala linashughulikiwa. Akakata. Ikalia tena, sasa ni mkulima mwingine. Na mwingine. Mpaka adhuhuri mtu huyu aliyeandika "Nimeona" maisha yake yote, kwenye mafaili yasiyohesabika, alikuwa kwa mara ya kwanza anaulizwa maana yake. Alinitazama akiwa ameshika simu mbali na sikio.

"Kile kitufe kinaweza kuondolewa?"

"Kinaweza, mzee. Ila wataona kimeondolewa."

Alifikiri. Kisha akampigia mwenye lori, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, na kabla ya jua kuzama lori lilikuwa Marui. Mihogo kiasi iliharibika. Iliyobaki iliuzwa. Tangu siku hiyo mkurugenzi alibadili utaratibu bila kumwambia mtu: alikuwa anasoma mpaka mwisho, anapiga simu kwanza, ndipo anabonyeza. Wakati mwingine habari ilikaa siku kadhaa bila maneno ya kijani, na sote tuliokuwa ofisini tulijua kwamba mzee anahangaika na jambo.

Sifa zetu zikaenea. Mwaka huu walikuja wageni kutoka chama cha wafanyakazi wa viwanda vya Zegereni, nao wanataka tovuti, wametumwa kujifunza kwetu jinsi ya kuchagua mfumo. Mkurugenzi aliwapokea kwa mikono miwili. Aliwahutubia kwa muda mrefu kuhusu vigezo vya kitaalamu, ushirikishwaji wa wadau na tathmini ya kina iliyofanyika hadi ngazi ya kata. Waliandika kila neno. Mimi nilikaa pembeni kama fundi, nikathibitisha kwa kichwa panapostahili.

Walipotoka kwenda kunawa kwa ajili ya chakula, katibu wao, dada mmoja mpole aliyekuwa hajauliza swali lolote, alibaki nyuma akijifanya anatafuta kalamu. Akatazama mlangoni, akanisogelea.

"Samahani, dada yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Yule bwana ametueleza vizuri sana. Lakini sisi tumekwama mahali pamoja, na sikuweza kuuliza mbele za watu. Mwenyekiti wetu, mle ndani ya mfumo, tumwite nani?"

Nilivuta kiti, nikamkaribisha akae.